Uzi wa Kupimia Pua

Hadija alinikamata pua kabla hajanisalimia. Ilikuwa ukumbini, kwenye harusi ya kijana wa jirani yangu hapa Ipagala, Dodoma, nami nimeinamia sahani yangu ya pilau. Nikaona baibui jeusi limesimama mbele yangu, nikainua uso nimjue aliye ndani yake, vidole viwili vikanibana pua. "Futi sita!" akasema kwa sauti. Watu wa meza yetu wakaacha kutafuna. Mama mmoja akainuka kabisa, nadhani alitaka kuniokoa. Mimi sikuhitaji kuokolewa, maana dunia nzima kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kunishika pua na kutaja futi, na huyo sikuwa nimemwona miaka mingi. Tulicheka mpaka akakaa bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti. Mjukuu wangu Tumaini, ambaye ndiye aliyekuwa anapiga picha za harusi hiyo, akaja mbio akidhani bibi yake amepaliwa. "Bibi, huyu ni nani?" Nikamwambia, "Huyu nilimpofusha nikiwa na miaka kumi na saba." Hadija akadakia, "Tena kabla ya kunipofusha walikuwa wameshaniongezea pua."

Wiki hiyo hiyo Tumaini alikuwa hana raha kwa ajili ya lenzi. Anataka kununua lenzi ya kupigia sura za watu, na moyo wake umegawanyika. Moja wanaiita hamsini, nyingine themanini na tano. Jioni anakaa barazani na wenzake wawili wanabishana kama wazee wanaoamua kesi ya ng'ombe. Hamsini inafaa chumba kidogo, lakini ukimsogelea mtu sana pua inavimba. Themanini na tano inamtoa mtu vizuri, nyuma yake kunalainika kama uji, lakini inataka nafasi, utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni. Mimi nachambua mchele wangu. Wanadhani bibi haelewi. Niliishia darasa la nne, hilo ni kweli, na zile namba ndogo zinazozunguka lenzi sikuwahi kuzielewa hadi leo. Lakini habari ya pua kuvimba na habari ya kutoka mlangoni naijua tangu mama zao hawajazaliwa, na niliijua kwa aibu, ndiyo maana haijanitoka.

Mwaka ninaousema nilifanya kazi kwenye studio ya Mzee Kanti, Dodoma mjini, wakati ule mji wenyewe ukitembea kwa miguu unaumaliza kabla jasho halijakauka. Studio ilikuwa chumba kimoja cha futi kumi na mbili. Ukutani pazia lililochorwa bustani yenye bata wawili, mmoja hana kichwa kwa sababu ya maji ya mvua. Kulikuwa na kioo, chanuo lililofungwa kwa mnyororo, na koti moja jeusi la wateja. Koti lile lilikuwa kubwa, tukalibana mgongoni kwa pini, kwa hiyo kwa mbele kila mwanaume alitoka nadhifu na kwa nyuma alikuwa kama nungunungu. Yohana mwashi alipigwa nalo, Daudi wa mashine ya kusaga alipigwa nalo, Ally muuza mkaa, Petro kipara na mdogo wake Petro mwenye nywele. Hata leo nikiingia kwenye nyumba ya watu nikaona ukutani picha ya babu yao, nalisalimia koti kwanza.

Kazi yangu ilianza kwa kufagia, nikapanda cheo nikawa wa poda, halafu nikawa wa uzi. Uzi ndio ulikuwa ukubwa. Kamera ya Mzee Kanti kioo chake cha kulengea kilikuwa kimeharibika ndani: ukichungulia unaona mtu yupo, lakini huwezi kujua kama atatoka wazi au atatoka na ukungu. Basi Mzee alifunga uzi kwenye kamera, wenye fundo kila baada ya futi moja. Mimi nauvuta mpaka kwa mteja, namsogeza mpaka fundo liguse ncha ya pua yake, nahesabu mafundo, nasema, "Futi tano!" Mzee anazungusha lenzi yake kwenye tano, mimi naachia uzi, yeye anapiga. Hebu fikiria msichana wa miaka kumi na saba kutoka kijiji cha Mkonze, ambaye nyumbani hawezi kumtazama mzee usoni, anashika pua za watu wazima kutwa nzima. Nilishika pua ya karani, pua ya mwinjilisti, pua ya mwalimu aliyewahi kunichapa. Ile ya mwalimu niliipima mara mbili.

Mchana tulikula nyuma ya studio, uani, mimi na Mzee na mkewe Mama Savita. Mama Savita alipika dengu na chapati nyembamba unazoweza kuonea jua, na achari ya embe iliyokuwa kali mpaka masikio yanaziba. Siku nyingine alikuwa ananiambia, "Yuditha, leo kapike ule wa kwenu unaoteleza," nami namsongea ugali na mlenda, anakula huku Mzee anageuza uso. Ni uani hapo niliposikia habari za lenzi mpya. Kaka yake Mama Savita alikuwa amerudi safari kutoka ng'ambo, na Mzee alikuwa amemwagiza. "Watu wote wanaletewa vitambaa," Mama Savita alisema, "mimi nimeletewa bomba." Na kweli lilikuwa kama bomba, refu, zito, limefungwa kwenye kopo pamoja na binzari. Mzee alilipakata kama mtoto. "Hili ni la sura," akatuambia. "Lile fupi ni la kupiga harusi na mazishi. Ukimsogezea mtu lile fupi usoni, kilicho mbele kinakua, kilicho nyuma kinakimbia. Hili refu linampiga mtu kutoka mbali, linamwacha alivyo." Mama Savita akasema, "Watu gani wanataka kuachwa walivyo?" Nimeishi miaka mingi, swali hilo bado sijalisikia likijibiwa.

Hadija alikaa nyumba ya nyuma ya studio na shangazi yake, Bi Zaina, Warangi wa Kondoa waliohamia mjini. Ua wetu ulikuwa mmoja, kamba ya nguo moja, na siri zetu moja. Alikuwa ametokea kijana, Ramadhani, aliyekuwa ananunua mahindi Kibaigwa na kuyapeleka kwao milimani Kondoa. Ramadhani na Hadija walikuwa wamekwisha kukubaliana kwa macho, kwa salamu na kwa mahindi mawili matatu ya kuchoma. Aliyebaki ni mama yake kijana, Bi Mwanaidi, ambaye hakuwa mtu wa kupanda basi, akipanda anatapika toka stendi ya kwanza. Akamwambia mwanawe: niletee picha nimwone. Kama sijaridhika kabla ya mwezi wa mfungo kuandama, utamwoa binti wa jirani yetu, yule nimeshamwona, hahitaji picha. Hadija tangu siku hiyo akawa hali. Bi Zaina alikuwa anamwekea chakula na kumwambia, "Kula, mwenzio wa jirani anakula."

Picha ya kwanza ilipigwa kabla bomba halijafika. Bi Zaina alisimama nyuma ya Mzee Kanti akimsukuma, "Sogea, sura ionekane. Sogea tena. Sisi hatuuzi pazia." Mzee akasogea na lile fupi lake mpaka nikasema, "Futi mbili!" Picha iliposafishwa tuliitazama wote wanne. Ilikuwa pua. Nyuma ya pua kulikuwa na Hadija. Masikio yalikuwa yameondoka. Bi Zaina akasema, "Tupeleke hivyo hivyo, mama mkwe ataipenda pua kubwa, ni dalili ya kusikia harufu ya chakula kikiungua." Baada ya siku nane Ramadhani akarudi na jibu. Alisimama uani anakunja kofia yake. "Mama anasema binti ni mtu mzima sana." Bi Zaina akauliza, "Hakusema kingine?" "Amesema pua imetangulia, mwenyewe anakuja na basi la kesho."

Ndipo likaja bomba, na Mzee akaapa kwamba atalipa deni la pua ile kwa picha ambayo Kondoa nzima itaisimulia. Akanipa maagizo mapya. "Yuditha, sikiliza. Hili ukilitumia karibu halisamehi. Likishika kitu kimoja, kilicho vidole viwili nyuma yake kinaingia ukungu. Kwa hiyo sasa uzi haushiki pua, unashika pembeni ya jicho. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Lakini kumpelekea mtu uzi jichoni si kazi ndogo. Wa kwanza alipepesa mpaka machozi yakamtoka. Wa pili, mama mmoja wa Ipagala, Eliwaza, alinipiga kofi la mkono. Nikajiambia, pua na jicho ni jirani, wanakaa ukuta mmoja, nani atajua? Nikarudi kwenye pua. Na pua ya Hadija nikaishika kwa raha zote, maana tulikuwa tumezoeana. "Futi sita!"

Tumaini ameniambia kwamba kamera za siku hizi zinalitafuta jicho zenyewe. Mtu akiingia tu, kijisanduku cha rangi kinatua kwenye jicho lake na kumfuata hata akitembea. Nilipoliona hilo niliuacha mchele wangu. Tumaini akadhani nimeshangaa utaalamu. Nilikuwa nafikiria kwamba mashine imefundishwa mara moja ikatii, na mimi nilifundishwa na mtu aliyenilisha dengu, nikafanya ninavyotaka.

Picha ya pili ilitoka na pua safi, unaweza kuhesabu vinyweleo. Macho yalikuwa moshi. Wateja wengine wa wiki ile nao walitoka hivyo hivyo, pua nane wazi na macho kumi na sita ya ukungu. Mzee aliniuliza, "Ulishika pembeni ya jicho?" Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Akalitazama bomba lake kama mtu aliyeletewa mbuzi mgonjwa. Ya Hadija ilikwenda Kondoa hivyo hivyo kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha, na jibu likarudi upesi. Ramadhani safari hii hakukunja kofia, alikuwa anaitafuna. "Mama anauliza, huyu wa sasa macho yalianza kumsumbua lini? Na anauliza kwa nini mnaficha miguu. Kwetu ni milima. Anataka kuona miguu." Hadija akaingia ndani akafunga mlango.

Mimi nilikuwa bado najidanganya kwamba huenda ni bomba kweli. Aliyenitoa ujinga ni Mzee Chilewa, Mgogo mwenzangu, mtu wa ng'ombe wengi, mwenye masikio yale ya zamani yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka yakawa kama vitanzi. Tuliamkiana, mbukwa, mbukwa, nikavuta uzi. Akarudisha kichwa nyuma. "Mjukuu, pua yangu haishikwi na mtoto wa kike. Tena mtoto wa Mkonze." Nikamsihi. Akasema, "Shika sikio, lilishatobolewa, halina aibu." Nikashika sikio. Kesho yake nikaingia chumba cha giza kuanika picha, na pale kwenye kamba nikamwona Mzee Chilewa. Sikio lake lilikuwa wazi kama limetoka kuoshwa, hata mchanga wa zizi ulionekana. Pua yake ilikuwa ukungu, na macho pia. Nikatazama kamba nzima. Kwa kila mtu, kitu kilichokuwa wazi ni pale pale palipogusa kidole changu. Ilikuwa kama nimeweka sahihi yangu kwenye nyuso za watu.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Ningesema, ningerudi Mkonze, na kule nilikwisha kuwatangazia kwamba mimi ni fundi picha, hata mbuzi walijua. Nisiposema, Hadija anaachwa, maana Mzee alikuwa ameshalifungia bomba kwenye kopo lake na kusema kuwa picha ya tatu haipigi, hana cha kupigia. Siku ya tatu tukiwa tunakula, Hadija alipita uani amebeba ndoo. Alikuwa amekonda, ndoo ndiyo iliyokuwa inambeba yeye. Nikairudisha chapati sahanini. Nikasema, "Mzee, si bomba. Nilishika pua."

Mzee aliacha kula. "Zote?" Nikasema, "Zote, isipokuwa sikio la Mzee Chilewa." Alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilisubiri aseme neno la kunifukuza, akasema kitu kingine kabisa, kwa sauti ndogo, kama anaongea na dengu. "Nimeshamwandikia shemeji barua." Mama Savita akainua shingo. "Kaka yangu? Umemwandikia nini kaka yangu?" "Kuhusu lenzi." "Umesema nini kuhusu lenzi?" "Nimesema ni mbovu." "Ukaishia hapo?" Mzee akanywa maji. "Nimesema na aliyeileta pia." Yaliyofuata yalisemwa Kigujarati, kwa hiyo siwezi kuyaeleza, ila niliona chapati moja ikiruka. Walipokumbuka kwamba mimi bado nimekaa pale, hasira ilikuwa imeshakwenda nyumba nyingine. Mama Savita akaniambia, "Wewe utakwenda kwa Bi Zaina ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Halafu urudi uoshe vyombo." Mzee akaongeza, "Na kesho unashika jicho." Hapo ndipo nilipojua kwamba nina kesho.

Kwa Bi Zaina nilisema nimepiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuwa nikimpaka huyu mtoto wanja wa dawa siku nne." Hadija aliyekuwa nyuma ya pazia akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akatoka na jiwe la kusugulia miguu. "Kama wanataka miguu," akasema, "wataiona."

Sasa tatizo likawa chumba. Bomba kwa futi kumi na mbili linakupa mtu mpaka kiunoni tu. Mzee akasema basi atumie fupi, Bi Zaina akasema, "Lile la pua? Labda nife." Tukatoa kamera nje. Hadija akasimama kwenye ngazi ya mlango, kwenye kivuli, na Mzee akarudi nyuma, akarudi, akavuka barabara, akasimama kwa fundi cherehani wa upande wa pili, Mzee Saidi, kati ya mashine yake na mteja wake. Uzi haukufika. Tukaunga na uzi wa Mzee Saidi, tukaupiga mafundo kwa tepu yake. Nikatembea nao kukatiza barabara, polepole kama napeleka moto, na watu wakasimama huku na huku. Mwenye baiskeli mmoja akapiga kengele. "Mmeifunga barabara kwa ruhusa ya nani?" Bi Zaina akamjibu, "Kwa ruhusa ya harusi! Simama hapo!" Akasimama. Nikafika kwa Hadija. Nikaugusisha uzi pembeni ya jicho lake, pale karibu na nyusi. Hakupepesa. "Usinipofushe tena," akanong'ona. Nikapiga kelele, "Futi ishirini na mbili!" Mzee akapiga, na wakati huo huo yule wa baiskeli akachoka kusubiri.

Ilikuwa picha nzuri. Nasema hivyo baada ya kuona picha nyingi. Hadija mzima, kuanzia ushungi hadi kucha za miguu, macho yake yakikutazama wewe na si mwingine, na pembeni gurudumu moja la baiskeli. Ramadhani aliichukua kwa mikono miwili. Alirudi baada ya siku tano, mwezi ukiwa umebakiza siku sita kuandama. "Mama hakusema kitu," akatuambia. "Amesema anakuja."

Bi Mwanaidi alifika kesho yake saa nne, mdogo, mweusi, amekauka, ametapika njia nzima na bado amenyooka kama mchi. Hakwenda kwa Bi Zaina. Alikuja moja kwa moja studio, akafungua leso, akapanga picha tatu juu ya meza. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia kwa mara moja tu, tugawane. "Nimekuja kwa wenye mabinti," akasema. Mzee Kanti akauliza, "Mabinti gani, Mama?" Akaweka kidole kwenye ya kwanza. "Huyu mkubwa, Mungu amsaidie. Huyu wa kati mpelekeni hospitali, macho si kitu cha kungojea. Huyu mdogo mwenye baiskeli, huyu nimempenda. Lakini mimi kwangu mdogo hatangulii wakubwa. Nimetapika kutoka Kondoa mpaka hapa kuja kuuliza, hawa wawili wataolewa lini?"

Bi Zaina alikuwa ameshafika mlangoni. "Mama, hao wote ni mmoja." Bi Mwanaidi akamtazama. "Mwenzangu, nimezeeka, sijapotea." "Wallahi ni mmoja." "Basi mleteni huyo mmoja."

Hadija akaja na unga mikononi, kanga ya jikoni, hana wanja, hana poda, sikupata hata nafasi ya kumfuta jasho. Bi Mwanaidi akachukua picha ya kwanza akaiweka shavuni kwa Hadija, akatazama. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi, akatazama miguu. Kisha akanyoosha kidole nje, ng'ambo ya barabara, kwa Mzee Saidi. "Yule kuku ni jogoo au tetea?" Hadija akageuka. "Tetea, Mama. Ana kidonda mguu wa kushoto." Bi Mwanaidi mwenyewe ikabidi atoke nje mpaka ng'ambo kwenda kuhakikisha. Tulisubiri. Mzee Kanti alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alirudi, akasimama mbele ya Hadija, akamwangalia muda mrefu kuliko Mzee alivyowahi kumwangalia mteja yeyote.

"Kati ya hawa watatu," akasema, "hakuna hata mmoja anayefanana na wewe."

Mzee Kanti akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wewe ni afadhali," akamalizia Bi Mwanaidi. Akachukua picha mbili za kwanza akamwekea Mzee mapajani. "Hawa kaa nao, uwatafutie waume." Ya tatu akaifunga kwenye leso, fundo mara mbili, akaitia kifuani. "Na wewe, Zaina, kama ndilo jina lako, unasimama mlangoni kama mgeni kwa nini? Tangulia kwako tukazungumze, mwezi hautungoji."